Arobaini Ndani ya Kombi

Siku hizi vijana wa mjini wenye magari makubwa hupakia godoro na jiko la gesi, wakaenda kulala kando ya ziwa kwa raha zao, asubuhi wakarudi na picha. Mpwa wangu mmoja aliniuliza ni vitu gani vya lazima kwa mtu atakayelala garini, maana amesikia kwamba mimi niliwahi kuishi ndani ya kombi. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mimi imeninyea, na siisifu. Nilimwambia abebe maji, basi, nikageuza mazungumzo.

Jibu lenyewe ni refu kuliko hilo. Kombi haipakiwi kama nyumba. Ndani ya nyumba unaweka kitu mahali unapopenda kukiona. Ndani ya kombi, kitu utakachokihitaji kwanza ndicho kinachoingia mwisho. Unga wa muhogo na maharage vilikaa chini kabisa, juu yake ndagala, yaani dagaa, waliokaushwa, chumvi na sabuni. Madumu ya maji mlangoni. Vitambulisho havikai mfukoni wala sandukuni, vinakaa kifuani. Kopo la haja ndogo, na mtu asijidai kwamba hatalihitaji. Blanketi. Spana za mume wangu, jeki, tairi la akiba, na dumu la petroli ambalo siku zile lilikuwa na thamani kuliko dhahabu ya bibi harusi. Niliyajua haya yote kwa siku moja, nikiwa nimelala chali, naelekeza kwa kidole.

Nilikuwa nimelala kwa sababu nilikuwa mzazi. Tulikaa mtaa wa Mutakura, pembezoni mwa mji, mimi na mume wangu, fundi wa magari, na nilikuwa nimetoka kumzaa mtoto wetu wa kwanza, mwanaume, kitovu chake hakijadondoka. Mama yangu alikuja kutoka Bwiza, mtaa wa katikati ya mji, kunilea, kama ilivyo kwetu Waislamu wa mjini. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hashiki maji ya baridi, anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na jiko la makaa, ambalo sisi tunaliita mbabula, halitoki karibu na kitanda chake, ili baridi isimwingie yeye wala mtoto. Ndivyo mama alivyonizaa mimi na ndivyo alivyozaliwa yeye.

Lakini vita vilikuwa vimeanza kuula mtaa wetu, nyumba baada ya nyumba. Jirani wa kulia aliondoka, wa kushoto akachomewa paa, na asubuhi moja mume wangu aliileta kombi ya gereji hadi mlangoni, akasema tunaondoka. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Muzazi hatokake inje mbele ya arobaini."

Mume wangu alitazama chini. Kwetu mkwe haongei na mama mkwe kama anavyoongea na wengine. Hamkazii macho, hambishii, na akitaka kitu hupitia kwa mkewe. Akaniambia mimi, kwa sauti ya kusikika, "Mwambie Mama, wakija hapa hawataulizia arobaini."

Mama alifikiri, kisha akatoa hukumu yake. Kombi itakuwa chumba. Nitabebwa kutoka kitandani hadi kitandani nimefunikwa gubigubi, na kwa hesabu ya Mungu nitakuwa sijatoka. Alitundika vitenge kwenye madirisha yote, akatandika godoro juu ya mbao ambazo mume wangu alizifunga nyuma, na kitu cha mwisho kuingia, yaani cha kwanza kuhitajika, kilikuwa mbabula yake na gunia la makaa.

Hapo tukagombana kidogo, sote watatu. Mume wangu aliogopa moto kukaa karibu na petroli. Akaniambia nimwambie Mama kwamba gari litalipuka. Mama akajibu, bila kunipitia mimi, "We unataka mutoto alale na baridi? Weka esanse yako mbele, mi niko na moto yangu huku nyuma." Dumu likahamia mbele, miguuni mwa dereva. Tukaridhika. Tulidhani hatari ya moto ni kuunguza.

Njiani tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari kijana, bunduki mkononi, alivuta mlango akaamuru watu wote washuke. Mama hakushuka. Alimwambia ndani mna mzazi, mtoto hajatoka arobaini, akitaka kutuua atuue hapahapa kitandani. Yule kijana alichungulia, akamwona mwanangu amefumba ngumi usoni, akaufunga mlango polepole kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Mama alijivunia jambo lile muda wote uliofuata. Alisema arobaini ndiyo iliyotuokoa, na siku ile nilimwamini kabisa.

Nyumba ya mama pale Bwiza ilikuwa imejaa ndugu waliokimbia kabla yetu, wengine wamelala hata jikoni. Kwa hiyo kombi ilisimama kwenye ua wa gereji ya mume wangu, mtaa huohuo, ndani ya ukuta, pua ikitazama geti. Tukaishi humo. Watu wengine walikuwa wamejibanza chini ya mabati pale uani, na kila mtu alikuwa na shida yake, lakini yetu ilikuwa moja: kumfikisha yule mtoto arobaini. Ilikuwa kama tukifika siku ile, tutanyoa nywele zake, nitatoka nje nimeoga na kufukizwa udi, na vita vyote vitakuwa vya watu wengine. Ujinga, lakini mtu hushika anachoweza kukishika.

Mume wangu alikuwa hapati usingizi kwa kututafutia nafuu. Kombi ilikuwa kuukuu, mvua iliingia kila upande. Akatafuta mipira mipya ya milango, sijui aliipata wapi mji ukiwa umefungwa vile, akaibandika kwa mikono yake, akaziba matundu ya kutu kwa gundi na bati. Mama akamaliza kazi kwa kushindilia matambara pale palipobaki, na upande wa barabara akaegemeza godoro dirishani kwa ajili ya risasi za kupotea. Nilimsikia mume wangu nje akigonga bodi kwa furaha, akisema, "Sasa hata upepo utaomba ruhusa." Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana.

Kichwa kilianza kuniuma baada ya hapo. Mama alisema ni damu ya uzazi, akanifunga kitambaa kichwani, akaongeza makaa ili nitoke jasho. Mtoto akawa mzito wa kunyonya, analala tu. Mama alifurahi. Alisema mtoto anayelala ni mtoto aliyeshiba, na watu wa uani wakamsifu kwamba hana kelele, maana wakati wa vita mtoto asiye na kelele ni neema kwa majirani.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, alasiri. Kule milimani walikuwa wanapigana, na mlio wa mabomu ulichanganyika na radi hata usijue kipi ni kipi. Mama alichochea mbabula, akatupia ubani, akafunga mlango nyuma yake akaenda kutawadha na kuswali. Mvua ikazidi, akashindwa kurudi, akangoja chini ya mabati pamoja na wengine. Mume wangu alikuwa hapohapo uani, hatua chache, lakini yeye hakuwa akiingia. Chumba cha mzazi na mama mkwe si mahali pa mwanaume. Alikuwa akikohoa nje, anaweka maji mlangoni, anaondoka.

Ninachokumbuka ni kwamba nilitaka kumgeuza mtoto, mkono ukakataa. Haukuuma. Ulikataa tu, na mimi nikaona ni sawa, nitamgeuza baadaye.

Baadaye ilikuja na ukelele wa mama. Mume wangu alisahau heshima zote, akapanda ndani, akamkanyaga mama mguu, akanivuta kwa makwapa hadi kwenye matope. Mvua ilinipiga usoni, nikatapika. Mama alikuwa amemshika mtoto, anamtikisa, anasema, "Apana, hajakufa, angalia, angalia mashavu yake." Kweli mashavu yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Sijawahi kumwona mzuri vile. Alikuwa amekufa.

Mama ndiye aliyemwosha, kwa maji ya moto aliyokuwa ameniwekea mimi. Wanaume walimchukua mikononi, kwa sababu maiti ya ukubwa ule haihitaji jeneza, wakaenda kumzika mvua ilipokatika, haraka haraka, kabla barabara haijafungwa. Alikuwa na jina. Silisemi hapa.

Watu walipouliza, mama alisema ni mabomu. Moyo wa mtoto mdogo ukishtuliwa, husimama. Watu wakaitikia, kwa kuwa vita vilikuwa vimeua wengi na havikukataa mmoja zaidi. Mume wangu hakuitikia. Jioni, mama alipokwenda nyumbani kwake kupokea waliokuja kuhani, nami nimerudishwa kitandani ndani ya kombi, mume wangu alisogea kwenye kioo cha dereva akaniambia akiwa amenipa mgongo. Alisema aliwahi kumwona mwenzake akianguka ndani ya gereji iliyofungwa, injini inaunguruma. Alisema makaa nayo yana sumu hiyohiyo, haionekani, hainuki. Alisema, "Mipira niliiweka mi mwenyewe." Kisha akalia, na mimi sikumbembeleza. Nilimchukia. Nilimchukia yeye, nikamchukia mama, nikaichukia mvua, na wale wawili walikuwa wamefanya yote kwa ajili yangu.

"Mama asijue," nikamwambia. "Akijua atakufa."

Alichukua kisu akaikata mipira yote, mlango hadi mlango. Mama aliporudi, mume wangu alimtuma mtu mmoja wa pale uani amwambie kwamba mipira ilikuwa imeoza.

Asubuhi yake mama aliwasha mbabula. Mtoto hayupo, lakini mwili wangu bado ulikuwa wa mzazi, na siku zangu zilikuwa bado. Alipuliza makaa mpaka yakaiva, akalibeba jiko kwa vitambaa, uso wake umevimba kwa kulia, akalisogeza karibu na miguu yangu kwa upole kabisa. "Usiingiwe na baridi, mama wangu," akasema. Hilo ndilo jina aliloniita tangu nikiwa mdogo.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Sawa. Lakini pale palikuwa na wazazi wawili, na mimi nilikuwa mwana wa mmoja wao. Kama ningefungua mdomo, neno la sumu ya makaa lingetoka. Nikainuka, nikashuka kwenye kombi peke yangu, miguu mitupu, maziwa yamelowesha nguo, nikapita mbele ya watu wote wa uani hadi kwenye geti. Mama alinikimbilia na kitenge anapiga kelele, "Rudi! We unataka kujiua? Muzazi hatokake inje!" Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mila zake zimenichosha. Sikurudi ndani ya kombi tena. Nililala chini ya mabati na wengine.

Sikupata mimba nyingine. Sijui kwa nini, na daktari mmoja aliyenipima hakujua pia. Bwiza walijua. Walisema ni ukaidi: alitoka kabla ya arobaini, tumbo likaingiwa na baridi. Mashangazi wa mume wangu walimwambia aoe mwingine, akakataa bila kueleza sababu, wakasema nimemroga.

Mama aliishi hadi vita vikaisha. Siku moja tulikuwa tumekaa barazani kwake tukimenya ndizi, hakuna aliyeugua, hakuna aliyegombana, naye akasema taratibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbuka bei ya zamani, "Kama ungemaliza arobaini yako, leo ungekuwa na wengine."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Mikono yake ilikuwa imechoka. Nikampokea kisu, nikamalizia ndizi zilizobaki.