Tarakimu Sita za Mzee wa Mafaili

Kazini walimwita Mama Funguo, ingawa hakuwa na mtoto wala funguo. Alihudumu katika kitengo cha kompyuta cha hospitali, na kwa miaka kumi na minne kila aliyesahau neno lake la siri alimpigia yeye. Walipiga wakicheka, wakilalamika, wengine wakimsimulia visa vya wakwe zao huku wakisubiri. Kisha ukaja mfumo mpya: kila mtu ajibadilishie neno la siri mwenyewe, na kila akiingia aandike tarakimu sita zinazotokea kwenye simu yake. Simu ya mezani ikanyamaza. Nyumbani nako palikuwa kimya tangu mdogo wake aolewe na kuhama.

Aliyebaki ni Mzee wa Mafaili, mtunza kumbukumbu wa tawi la mbali, ambaye hawakuwahi kuonana naye. Tarakimu zake zilikataliwa kila siku. Kila asubuhi alipiga, na Mama Funguo akampa namba ya dharura inayodumu siku moja. Kazi ya dakika mbili. Wao waliongea ishirini, habari za goti la mzee na mkewe anayemficha chumvi.

"Mwanangu, mashine imenikataa tena. Hata nilipokuwa naposa sikukataliwa hivi."

Mama Funguo alicheka, na siku nyingi hicho ndicho kilikuwa kicheko chake pekee.

Alikwishajaribu kumsajili upya, kumbadilishia neno la siri, kumhimiza aandike haraka. Wapi. Hadi Jumanne moja mzee alipoaga akisema ni saa mbili na robo tayari. Mama Funguo akatazama ukutani: saa mbili na dakika tano.

Akamwambia saa yake inakimbia. Mzee akajibu kwa fahari kwamba saa ya simu yake huisogeza mbele makusudi dakika kumi, asichelewe kazini.

Basi, kumbe. Tarakimu zile hubadilika kila nusu dakika kwa kufuata saa ya simu. Saa ikidanganya, nazo hudanganya. Dawa yake ilikuwa kubonyeza mahali pamoja tu. Mama Funguo akamtakia kazi njema, akakata.

Siku tatu alikaa na lile jambo moyoni. Alimpa namba, akauliza goti linaendeleaje.

Ijumaa mzee hakutania.

"Nadhani si mashine, mwanangu. Ni kichwa changu kinaisha. Nafikiria niandike barua ya kustaafu, nipumzike."

Mama Funguo alihisi uso ukimwaka, peke yake mle chumbani.

"Kichwa chako kizima, mzee. Ni saa. Nilipaswa kukwambia mapema."

Akamwongoza hatua kwa hatua: fungua mipangilio ya simu, weka saa ijirekebishe yenyewe, sasa andika zile tarakimu. Akasikia pumzi nzito, kisha kiti kikisukumwa.

"Imefunguka! Haya, sitakusumbua tena."

"Hukuwa unanisumbua," alisema, lakini mzee alikuwa ameshaiweka simu, anawaita wenzake waje waone.

Jumatatu, kwenye orodha ya walioingia, mzee alikuwa wa kwanza. Mama Funguo akaipitia orodha hadi chini, akitafuta aliyekwama. Wote walikuwa wameingia.