Kisu Kisichojua Samaki

Nilipoolewa, katika ile miaka ya hamsini, tulipanga chumba Kariakoo, mkabala na duka la vitambaa la Wahindi. Juu ya duka aliishi mama yake mwenye duka, mjane, aliyezoea kunitazama kutoka dirishani nikianua nguo. Sikukuu yao ya taa ilipofika, akaniletea sahani ya shaba imejaa ladu, yale madonge matamu ya unga wa dengu na samli. Mume wangu alizila zote amesimama, hata kofia hakuvua.

Ladu ziliisha, sahani ikabaki, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwetu chombo cha jirani hukirudishi kitupu, nami sikuwa tayari kusemwa mtaani kwamba bi harusi wa chumba cha uani hakufunzwa kwao. Nikaroweka mchele wa vitumbua. Mama mwenye nyumba wetu akaniuliza ni vya nani, nikamwambia. Akasema yule mama hali nyama, hali samaki, hali yai, wala hali kilichopikwa kwenye chombo kilichowahi kugusa vitu hivyo.

Nikatazama huku na huku chumbani. Mume wangu alikuwa akichuuza samaki kwenye soko la Feri. Chungu changu kilijua samaki, kisu kilijua samaki, kikaango ndiyo usiseme. Hata mto wetu ulinuka papa.

Mume wangu akasema nipeleke ndizi na machungwa mazima, yana maganda yake, samaki atapenya wapi? Nilimkasirikia kweli. Matunda mazima anapelekewa mgonjwa. Mtu uliyekula chake humpi kazi ya kumenya. Nilitaka sahani ya mtu mmoja, iliyokatwa na kupangwa, ambayo akiiona tu atajua kuna mtu alikaa akamfikiria. Na tena niliogopa. Asipoila, ningejuaje? Angeitupa kimyakimya, tukaendelea kuchekeana dirishani maisha yetu yote.

Ijumaa nikaiosha sahani yake, nikaitia kapuni, nikaenda sokoni. Nikanunua kisu kipya. Nikanunua embe bivu, embe bichi, tango, nanasi dogo, tende, na karanga za kukaangwa mchangani. Niko njiani kurudi ndipo nikaikumbuka mikono yangu, ambayo asubuhi ile ile ilipara samaki. Nikasimama katikati ya barabara, nikacheka peke yangu hadi mpita njia mmoja akanikwepa. Kisha sikwenda nyumbani. Nikapanda ngazi zake na kapu langu.

Nikamwamkia, nikamweleza yote, hadi habari ya mto. Hakucheka. Akanionyesha maji na sabuni, nikanawa hadi viwikoni, halafu nikanawa tena kwa sababu bado alikuwa amesimama pale pale akitazama. Ndipo akanisogezea kibao.

Nikakata. Embe bivu nikaliweka katikati, nanasi likalizunguka, tango na embe bichi pembeni, tende na karanga nikazijaza penye nafasi. Yeye akakamulia ndimu, akanyunyiza chumvi na pilipili ya unga. Akachukua kipande cha embe bichi, akatafuna amefumba macho, akachukua kingine. Alikula. Niliona kwa macho yangu, na nilifurahi hadi nikatamani kumwita mume wangu kutoka Feri aje kushuhudia. Mimi niligusa karanga tu, maana sahani ilikuwa yake.

Wakati wa kuaga nikakifuta kisu, nikakizungushia kitambaa. Akakichukua mkononi mwangu.

"Hiki kinabaki hapa," alisema. "Ukikipeleka kwako, kesho kitajua samaki. Ijumaa ijayo utakata na nini?"

Basi kikatundikwa jikoni kwake, kwenye msumari wake chenyewe, na kila Ijumaa nikawa napanda zile ngazi kwenda kukitumia. Mume wangu alilalamika mwaka mzima kwamba nyumba ya muuza samaki ina kisu kimoja tu, nacho butu, na kile kikali anacho mtu asiyekula samaki.