Maksai Walioturudisha Nkende

Siku ya mwisho ya safari yetu ilikuwa Jumapili, na mimi na rafiki yangu tulikuwa hatusemezani.

Tulikuwa tumetoka Tarime likizo ilipoanza, tukaenda Tanga na kurudi kwa pikipiki moja. Yeye alikuwa fundi wa pikipiki na baiskeli, Mwislamu, mtoto wa mshona nguo aliyekuja kutoka pwani zamani akaweka cherehani yake Nkende, pale pale Tarime, na hakuondoka tena. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkurya wa hapo hapo, na kabla ya safari ile sikuwa nimewahi kufika mbali kuliko Musoma. Bibi yake aliyebaki Tanga alikuwa ametuma salamu kwamba anataka kumwona mjukuu wake kabla hajafa. Tulifika tukamkuta anatwanga. Akatulisha mpaka tukaona haya, akatuambia tumekonda, akatutuma turudi tukawape salamu wenzetu kwamba yeye ni mzima.

Watu wawili wakikaa siku nyingi juu ya kiti kimoja hujuana kuliko inavyopasa. Rafiki yangu alikuwa na wimbo mmoja tu, na wa wimbo wenyewe alijua kiitikio peke yake. Alikiimba kutoka Korogwe mpaka Arusha. Hilo nilivumilia. Kilichotushinda ni simba.

Kwenye hifadhi ya wanyama pikipiki hazikuruhusiwa kupita, kwa hiyo tuliomba lifti kwenye lori la magunia ya chumvi, tukaifunga pikipiki yetu juu ya mzigo na sisi tukakaa kando yake. Katikati ya mbuga, jua kali, rafiki yangu alinipiga paja akasema simba yule pale. Nikatazama. Mimi niliona kichuguu. Akasema kina masikio. Nikasema vichuguu vya huku vina masikio. Lori likapita, mjadala ukabaki. Akasema mtu asiyeona simba mchana kweupe hafai kuachiwa watoto wa watu. Nami nikasema fundi anayeona simba kwenye kichuguu hafai kuachiwa breki za watu. Tangu hapo hakuna aliyefungua kinywa. Tulishushwa Ikoma jioni, tukalala kwa ndugu yangu mmoja aliyekuwa mpishi wa maaskari wa wanyama, na mwenyeji wetu alikula ugali katikati yetu akizungumza na kila mmoja kwa zamu, kama mtu aliyepokea wageni wa safari mbili tofauti.

Asubuhi tukashika njia ya Mugumu. Yeye aliendesha, mimi nikakaa nyuma. Nikitaka asimame nilimgusa bega la kulia, nikitaka apunguze mwendo nilimgusa la kushoto. Bega la kushoto lilikuwa zito la kusikia. Mto Mara tuliuvuka kwenye kina kifupi, pikipiki ikiwa imebebwa na vijana wa pale kwa miti miwili, nasi tukiwafuata na viatu mkononi. Wakatuuliza tunatoka wapi. Yeye akajibu Tanga. Mimi nikajibu Ikoma. Wote tulikuwa tunasema kweli.

Tulikwishapanda milima ya kwetu, Tarime imebaki vilima vichache, tulipomkuta mgambo amesimama katikati ya barabara na rungu lake, mkono ameuinua. Miaka ile, kwa ajili ya uhaba wa mafuta, magari na pikipiki za watu binafsi zilikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana mpaka alfajiri ya Jumatatu. Tuliijua sheria hiyo vizuri, na tulikuwa tumepiga hesabu zetu tufike mapema. Mgambo akasema saa nane imepita.

Rafiki yangu akamuuliza ameijuaje, maana hakuwa na saa. Wala sisi hatukuwa nayo. Mgambo akaonyesha kwa rungu kilabu cha pombe ng'ambo ya barabara, ambako watu walikuwa wameanza kukaa. Kilabu hufunguliwa saa nane, akasema, na kimefunguliwa. Rafiki yangu akasema kilabu kinaweza kufunguliwa na kiu. Mgambo akasema kilabu cha kijiji hiki kinafunguliwa na mwenyekiti wa kijiji.

Hapo rafiki yangu akafanya jambo ambalo mpaka leo nalistahi. Alishuka, akatafuta kijiti kilichonyooka, akakichomeka chini, akaanza kumweleza mgambo jinsi Waislamu wanavyojua wakati wa sala kwa kivuli: adhuhuri kivuli kinakuwaje, alasiri kinakuwaje, na saa nane inaangukia wapi kati ya hizo mbili. Watu walitoka kilabuni na vibuyu vyao wakasimama kusikiliza. Alipima kwa viganja, akachora mstari, akamwomba mgambo asiukanyage. Mgambo, sharti niseme, alikuwa mwanafunzi mwema. Aliuliza maswali, na moja lilikuwa zuri. Somo lilikwenda vizuri sana. Mwisho wote walikubali kwamba tulipofika pale saa nane ilikuwa bado. Na wote, pamoja na rafiki yangu, wakatazama kivuli wakakubali kwamba sasa imefika.

Nilikaa chini kwenye jiwe. Kesho yake shule ilikuwa inafunguliwa na mwalimu mkuu wetu hakuwa mtu wa kuelezwa habari za vivuli.

Sasa alikuwapo mama mmoja mtu mzima, amekaa kando ya barabara chini ya mwavuli tangu tulipofika, mkungu wa ndizi miguuni pake. Alikuwa anangoja basi ambalo Jumapili lilikuja likipenda. Binti yake alikuwa amejifungua Nkende. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akaendelea kutazama mambo yetu kimya. Mgambo alipokwisha kusema kwamba pikipiki italala kijijini, mama yule akamwita.

"Ng'ombe wangu hawanywi petroli," akamwambia.

Mgambo hakuelewa mara moja. Mama akamfafanulia kwa Kikurya, taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia: kwake ni pale juu, ana maksai wawili waliozoea nira, na sheria inakataza chombo cha moto kutembea chenyewe, haikatazi kukokotwa. Sharti lake lilikuwa moja. Yeye na ndizi zake wangekaa juu ya pikipiki.

Mgambo akaizunguka pikipiki. Kisha akasema chombo cha moto ni chombo chenye moto, akainama akaweka kiganja kwenye injini ili ahakikishe. Akakiondoa haraka. Akatuambia kwa sauti ya upole kwamba hiki bado ni chombo cha moto, tungoje kipoe.

Tukangoja kipoe. Maksai wakaletwa, wekundu wote wawili, wanene, mmoja na pembe iliyopinda kuelekea sikioni. Mgambo akagusa injini tena, safari hii kwa kidole, akaridhika. Tukaufunga mnyororo wa plau chini ya usukani. Mama akapanda akakaa upande kama mtu aliye kwenye kiti cha kanisani, ndizi mapajani, mwavuli juu. Rafiki yangu akashika usukani akitembea kandoni, kazi yake kuzuia pikipiki isianguke na kushika breki mteremkoni. Kuongoza ng'ombe kukaniangukia mimi, kwa kuwa nimekulia nyuma yao na fundi wa watu hakujua hata upande wanaopigia teke.

Tulikwenda hivyo mchana wote uliobaki. Mama aligundua honi. Rafiki yangu alimwambia honi inakula betri. Mama akamwuliza kama sheria inaikataza, na kwa kuwa haikuikataza aliipiga kila boma alilokuwa na mtu anayemjua, naye alijua watu wengi. Walitoka, wakamsalimu, wakamwuliza habari za safari, akawajibu akiwa hukohuko juu. Kwenye kijito kimoja nilikuta wanafunzi wangu wanafua. Walisimama wakaimba "Shikamoo mwalimu" kwa pamoja kama darasani, nami nikaitikia huku namshika ng'ombe pua.

Baada ya vilima viwili mama akauliza kwa nini hatusemezani. Nadhani aliona ajabu kwamba kila mmoja wetu anazungumza na ng'ombe. Tukamweleza, kwanza rafiki yangu, kisha mimi, kila mmoja akisahihisha habari ya mwenzake kwa kumpitia yeye. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akatuambia kwamba yeye simba amewaona, walikuja wakala ndama wa kwao enzi za baba yake, na kwamba hajawahi kusikia simba wa mbali akigombanisha watu.

"Simba wa karibu ndiye anagombanisha," akasema. "Kila mmoja anasema mwenzake ndiye alikimbia kwanza."

Rafiki yangu akacheka. Akaachia breki kwa kucheka, tukiwa mteremkoni, pikipiki ikawagusa maksai miguu ya nyuma na maksai wakaanza kukimbia. Nilikimbia nao, kwa sababu ya kamba. Tuliposimama, kwenye shamba la mtama la mtu, mama alikuwa bado amekaa, mwavuli umegeuka nje ndani, ndizi hazikupungua hata moja. Rafiki yangu akafika akihema, akaniuliza kama nimeumia. Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu mbugani. Nikamwambia sijaumia. Akasema pengine kilikuwa kichuguu. Nikasema masikio kweli kilikuwa nayo.

Tuliingia Nkende jua linatua. Mama akashuka mlangoni kwa binti yake, tukamtolea ndizi, akatushukuru, akasema ng'ombe atawafuata kesho. Binti alikuwa amepanga chumba kimoja kisicho na ua. Mimi pia nilikuwa na chumba kimoja. Ua wenye wigo mzuri ulikuwa wa mshona nguo, baba yake rafiki yangu, basi nikawaswaga hadi huko.

Mzee yule alitoka na mkasi mkononi, akabaki kwenye kizingiti. Miaka yote aliyokaa Tarime hakuwahi kuzoea ng'ombe.

"Nilikutuma kwa bibi yako," akamwambia mwanawe. "Hawa wa nani?"

Kabla hajajibiwa majirani walikuwa wamefika. Sikuwa nimefikiria jambo lile kabisa, nami ni mwenyeji. Huku kwetu kijana hawaswagi ng'ombe jioni mbele za watu mpaka uwani kwa mzee mwenye binti aliyekomaa, bila maana. Na mshona nguo alikuwa na binti aliyekomaa, dada yake rafiki yangu. Wanawake wakaanza vigelegele. Mzee mmoja wa jirani akawazunguka maksai, akawapapasa mgongo, akasema wawili ni wachache lakini kwa kuanzia si vibaya, ila mbona ni maksai, hawatazaa. Tulieleza. Kadiri tulivyoeleza habari za mgambo na kilabu na injini iliyopozwa, ndivyo walivyozidi kuona kwamba tunaona haya.

Asubuhi mama akaja, amepumzika, amemwona mjukuu. Lakini Jumatatu pikipiki zilikuwa zinaruhusiwa, naye alikuwa ameipenda pikipiki, akasema sasa anataka kurudi kwake nayo ikiwa na moto wake. Rafiki yangu hakuweza kumkatalia. Wakaondoka kwa kishindo, honi ikilia. Maksai wakabaki na mimi.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya kuwarudisha, nikiwa nimepanga maneno yangu njiani. Hakuyahitaji. Alinishika mkono kwa mikono miwili akasema siku ya kwanza ni ya kufyeka majani tu, na shughuli za namna hiyo hazingoji. Akaniuliza kama nitabadili dini. Nikamwambia sijalifikiria. Akasema ni vizuri kutoharakisha.

Nikawatoa maksai kwenye ua wa mshona nguo, nikawapitisha Nkende yote kwa njia ile ile tuliyojia. Watu walisimama milangoni. Wanaume kadhaa walinipa pole kwa kichwa, na mama mmoja akaniambia nisivunjike moyo, wasichana ni wengi. Ndipo nilipoelewa wanaona nini: ng'ombe wamekwenda jana, leo wanarudi. Nilikuwa nimeposa na kukataliwa kati ya jioni na asubuhi, na binti mwenyewe hatujasemezana hata neno.

Tulisemezana baadaye wiki ile, kwenye foleni ya sukari. Alikuwa mbele yangu. Aligeuka akanitazama, akaniuliza kama ni kweli wale ng'ombe walikuwa wanene. Nikamwambia walikuwa wanene sana.

"Basi si haba," akasema, akageukia mbele.