Pikipiki ya Mabula ilipofika kwenye minyaa

Siku ile tuliyokwenda kuposa Ushetu naikumbuka yote, na waliokuwepo nawajua kwa majina. Nilikuwepo mimi, Minza, bibi wa mwoaji. Alikuwepo Mabula mwenyewe, mtoto wa binti yangu Shija, fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Nyarugusu. Upande wa wenyeji alikuwepo Mzee Nkwabi, mkulima wa tumbaku; binti yake Limi, ambaye ndiye tuliyemfuata; na Kabula, dada yake Nkwabi, shangazi wa Limi, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Majirani walikuwepo pia, ila hao walikuja kuitazama pikipiki.

Maana pikipiki ndiyo iliyoleta maneno, mwanangu, wewe unayeniuliza ununue ipi. Mabula hakununua kama hizi za bodaboda tulizozizoea. Alinunua ile ndefu, ya chini, ambayo mtu anakaa kama yuko kwenye kiti cha kupumzikia, miguu mbele, usukani umeinuka kama pembe za fahali. Inang'aa kila mahali. Ikiunguruma, kuku wanakimbilia ndani.

Habari zikafika Ushetu kabla yake. Kabula akaanza kuzitangaza kisimani. Eti mwenye pikipiki ya keria kubwa ni mtu wa kazi. Mwenye ile ya juujuu, ya kurukia mashimo, ana haraka na maisha, wala hatakaa nyumbani. "Na huyu wa kwetu je? Kanunua kitanda chenye magurudumu! Anasema nitazameni!" Mzee Nkwabi naye akatuma neno kwamba hana binti wa kumpa mtu wa kujionyesha, ila kwa heshima yetu sisi wazee, aletwe yeye na hiyo pikipiki yake, amwone kwa macho. Asipompenda, yaishie hapo.

Mabula aliposikia hakula. Anampenda Limi, yule mtoto, hata ukimtajia jina tu anaokota vitu ambavyo havijaanguka. Nikamuuliza, "Sasa baba, kwa nini ulichagua hii?"

Akasema, "Bibi, kutwa nzima nimejikunja chini ya karasha. Jioni nataka kitu cha kuninyoosha mgongo. Halafu tazama nyuma." Nikatazama. Kiti kipana, na cha kuegemea kipo. "Hicho nilikichagua kwa ajili ya kiuno chako."

Basi nikapanda. Wee! Nilifunga kitenge mara mbili nikamkumbatia mjukuu wangu, tukaondoka. Sijawahi kukaa vizuri namna ile hata harusini kwangu. Watoto wa njiani wananipungia mikono, nami nawapungia kama mkuu wa wilaya.

Katikati ya raha hiyo nikamkumbuka bibi yangu mimi, Nyanzobe. Nilipokuwa msichana, marehemu mume wangu Masunga alikuja kuniposa na baiskeli yenye vioo viwili na maua ya plastiki kwenye usukani. Nilirukaruka uani, macho yote kwenye vile vioo. Nyanzobe akanivuta sikio. "We Minza, acha kutazama inavyong'aa. Tazama mwenyewe anavyoshuka." Kwetu mwoaji hafiki mlangoni kwa wakwe akiwa juu ya chombo. Anashukia kwenye uzio wa minyaa, anakikokota kwa mkono, ili wenye mji wamwone kwanza akiwa na urefu wake mwenyewe. Masunga alishuka. Nikaolewa, na sijajuta.

Sasa niko nyuma ya Mabula, minyaa ya Nkwabi naiona inakuja, na tangu tutoke sijamwambia kitu. Vijana wa siku hizi wanafika na chombo mpaka mlangoni. Nimgonge bega? Nikasema hapana. Akishuka kwa sababu nimemgonga, Nkwabi atakuwa ameniona mimi, hajamwona yeye. Nikafumba macho.

Mngurumo ukakatika. Nikafumbua, tuko kwenye minyaa. Mabula ananishika mkono nishuke, ananikung'uta vumbi, kisha anaanza kuisukuma.

Mwanangu, ile ni chuma kitupu! Na uwanja wa Nkwabi ni mchanga mtupu. Baiskeli ya Masunga ilikuwa kama mbuzi ukiilinganisha na lile dude. Mabula anasukuma, jasho linamtoka, shati limeganda mgongoni. Limi kajificha nyuma ya mlango, namwona kidole tu.

Kabula hakuweza kunyamaza. "He! Kumbe nayo inaswagwa kama ng'ombe?"

"Mwangaluka, shangazi," Mabula akamsalimia Kisukuma huku anahema. "Haijawahi kufika kwa wakwe. Inaona aibu."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Nkwabi hakucheka. Alisimama, akaweka fimbo chini. "Kijana, si ina injini hiyo?"

"Inayo, mzee. Nimeona nisiungurume mlangoni pako."

Nkwabi akamtazama. Kisha akaja, akashika upande wa pili, wakaisukuma wawili hadi kivulini. Alipokwisha kupumua akaizunguka, akabonyeza kiti. "Hapa nyuma anakaa nani?"

"Mimi!" nikasema. "Na binti yako, ukitaka."

Unajua alichosema? "Kwanza nipeleke mimi kwenye bani langu la kukaushia tumbaku." Wakaenda. Walipotokea tena kwenye minyaa, kofia ya Nkwabi ikapeperuka hukoo, anacheka meno yote nje, na maneno ya ng'ombe wa mahari tukayaanza siku hiyohiyo. Kabula alipiga vigelegele kuliko wote.

Basi mwanangu, nunua unachokipenda, mgongo ni wako. Watu watasema, waache waseme. Ila ukichagua, kumbuka na atakayekaa nyuma. Na popote penye wenyewe, zima, shuka, ingia kwa miguu yako. Hapo ndipo utakapojulikana. Mungu akupe safari zenye kurudi, na kiti chako cha nyuma kisikose mtu anayekupenda.

Na ninyi mnaosikiliza mliokuwepo, kama nimekosea, nirekebisheni. Doto, jirani wa Nkwabi, anasema kofia haikupeperuka, ni Nkwabi aliyeirusha mwenyewe kwa furaha. Mimi niliona imepeperuka.