Alama za Shoka Kwenye Dari za Kariakoo

Mlioniuliza nilikimbilia wapi wiki tatu zile, jibu ni hili: nilikwenda Rufiji kuutafuta mji wetu. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa mchora ramani za nyumba, na ofisi ilinipa kazi ya bango la maonyesho, lisimulie Dar es Salaam kwa picha. Nilichora majumba kwa rula, mistari imenyooka. Bwana mkubwa wa ofisi akalitazama. "Nyumba naziona. Mji uko wapi?" Akanipa wiki tatu, nikishindwa, bango atapewa mwingine, nami nirudi kunakili michoro ya watu. Niliumia, sifichi. Nyumbani Kariakoo nikajilaza nikitazama boriti za mikoko darini, nikaamua kwenda zilikotoka.

Siku ya kwanza lori lilinifikisha Kibiti, nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Asubuhi yake nikaenda Mtunda kwa miguu, na siku ya tatu mtumbwi ukaniingiza delta, mto unapogawanyika mikokoni.

Kwenye kambi ya wakata mikoko nilipokewa na Salumu Mketo, msimamizi wao, na mkewe Bi Zena.

"Karibu, shehe. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kuchora."

Wakacheka. Nikamwonyesha Salumu mchoro wa nyumba yangu, dari wazi.

"Mbona boriti zako hazina wenyewe?" akauliza.

Akainua ncha ya boriti: mikato mitatu ya shoka, na mmoja wa kuipita katikati. Kila kundi lina alama yake, boriti zisipotee zikichanganyika chomboni. Uso ukaniwaka. Mikato hiyo ilikuwa darini kwangu miaka yote. Nilidhani ni kasoro, na katika kila mchoro nikaifuta.

"Umewafuta watu, mwanangu," alisema Bi Zena, akinisogezea wali na samaki. Nikala.

Kesho yake Salumu akaniuliza upana wa chumba changu. Nikamtajia.

"Basi. Ndio urefu wa boriti anayoweza kuibeba mtu mmoja kwenye tope hili."

Nikasema nami naiweza. Hatua ya nne nilikuwa nimekaa topeni, boriti mapajani, kambi nzima inanicheka. Mcheza kwao hutunzwa, na pale hapakuwa kwetu. Nilikaa siku sita, nikinakili alama zote na majina ya wenyewe.

Niliporudi Dar es Salaam nilichora upya. Chini mkata mikoko ndani ya tope. Boriti yake inapanda karatasi nzima hadi inakuwa dari ya Kariakoo, na kila nyumba ina alama zake kwa wino mwekundu.

"Mikwaruzo hii ataisoma nani?" bwana mkubwa akauliza. Akalitundika kwa shingo upande.

Siku ya maonyesho wakapita wapagazi wa bandarini, watu wa Rufiji. Mmoja akasimama ghafla.

"Mitatu na wa kupita! Kina Salumu hawa!"

"Na ile ya kwetu! Boriti zile kazikata baba!"

Wakaitana, wakasoma nyumba hadi nyumba, nani alikata, nani alibeba, na hakuna hata mmoja wao aliyejua herufi. Bwana mkubwa alisimama nyuma yao, kofia mkononi, akisikiliza mji. Nilijawa na furaha hadi machozi.

Bango halikushushwa. Nami siku hizi, kabla sijafuta kitu, nauliza kwanza ni cha nani.