Isale kwa Mama wa Plasta

Soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linanukia saruji, na nchi nzima ilikuwa ndugu. Ungeweza kumwita mkuu wa mkoa ndugu na ukalala kwako salama. Isidori, Mchaga wa Kibosho, muuzaji wa duka la ushirika, aliwaita watu ndugu tangu kufungua hadi kufunga. Aliyemshinda kumwita ni mama yake.

Jioni aliongoza rozari parokiani, na hakuna aliyemjua Bikira Maria kama yeye. Alipofika pale msalabani, Yesu anapomwambia mwanafunzi, "Tazama, mama yako," na mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake, sauti ya Isidori ilikatika kwa ufundi mkubwa, na kina mama wakatafuta vitambaa.

Sehemu hiyo hiyo alikuwa akiwasomea wazee wawili wa parokia, wamekalia magunia ya mchele, siku mama yake, Mama Candida, alipotokea mlangoni mwa duka. Alitoka mlimani kwa basi, katambuga za tairi miguuni, matope ya Kibosho kwenye pindo la kanga, mkungu wa ndizi kichwani. Wazee wakauliza ni nani. Bahati mbaya, Isidori alikwishawaambia kwamba mama yake ni mwalimu mstaafu.

"Ni mama anayetuletea ndizi," akasema.

Hakuna aliyemtua. Mama akautua mkungu mwenyewe, akawasalimu wazee, akatoka.

Aliyempokea ni Bi Mwanamkuu, Mswahili mwenye nyumba aliyopanga Isidori. Akampa chai na godoro. Isidori aliporudi, mama hakulalamika. Alimuuliza tu kama zile ndizi zimepata mnunuzi. Alfajiri akapanda basi.

Isidori alijua amekosa, na alijua dawa yake. Kwao mkosaji huchukua jani la isale akampelekea aliyemkosea, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Isidori akachuma jani uani kwa Mchaga mwenzake, Ilala. Nauli ya Moshi alikuwa nayo. Uso wa kumtazama mama ndio hakuwa nao. Akalichomeka miguuni pa sanamu ya Mama Maria. Mama ni mama, aliwaza, na huyu wa plasta yuko karibu.

Jumamosi Agnesi, mfagiaji wa kanisa, akalitupa pamoja na maua yaliyonyauka. Isidori akaleta la pili. Likatupwa. La tatu lilipotoweka akaamini hata mbinguni wamemkataa, akaacha kuongoza rozari, eti koo linamuuma.

Bi Mwanamkuu akambana barazani mpaka akatapika yote, jani baada ya jani. Bibi alitafuna tambuu yake kwanza.

"Mwanangu, Bi Maryamu namheshimu, ana sura yake katika msahafu wetu. Lakini hakuja hapa na mkungu wa ndizi kichwani."

Isidori akapanda mlimani na jani la nne na miche sita ya sabuni. Alimkuta mama uani na wanawake wa rozari. Akapiga magoti, akalitoa kwa mikono miwili. Mama akalipokea, maana mila ni mila, akalibana ndani ya kitabu chake cha sala. Severa, aliyeolewa kijijini hapo juzijuzi, akauliza huyu kijana ni nani.

"Ni kijana anayetuletea sabuni," akasema mama.

 Isidori akauliza mundu uko wapi, akashuka bondeni kukata majani ya ng'ombe, kazi ambayo mwanamume wa Kibosho haifanyi hata akirogwa. Akarudi na mzigo kichwani, shingo imepinda, umande wa majani unamtiririka usoni, na wanawake wakacheka mpaka rozari zikawaponyoka. Akasimama katikati ya ua, hawezi kuinama, hathubutu kumwita mama.

Mama akamwacha asimame kidogo. Kisha akainuka, akamtua.