Kompyuta ya Salwa Ilivyogoma Baada ya Msiba

Kompyuta ya marehemu dada yangu iligoma siku tuliyoanua matanga.

Ilikuwa inawaka, inaleta skrini ya bluu yenye maandishi, inajizima, inawaka tena. Hivyo hivyo mpaka uichomoe mwenyewe.

Majirani hapa Kizota wakaanza maneno yao. "Mwacheni apumzike, hataki vitu vyake viguswe."

Nyie watu bwana! Mimi sikuogopa mzimu. Nilimwogopea mama.

Salwa alikuwa anasoma chuo kule Chimwaga. Ajali ya bodaboda ikamchukua, simu yake ikasagika palepale. Sauti yake ilibaki sehemu moja tu: kaswida alizokuwa anajirekodia nyumbani kwenye ile kompyuta ya mezani.

Mama, Bi Kudra, chakula kilikuwa hakipiti.

"Anuari mwanangu, niwekee hata moja. Nikimsikia nitakula."

Ba'mdogo Abdulkadiri akasema, "Niachieni mimi." Yeye ndiye aliyesimamia msiba wote. Taarifa ilipofika tu, alipita nyumba nzima akichomoa kila kitu ukutani: TV, redio, kompyuta. Nyumba yenye msiba haipigi kelele. Ndiyo desturi yetu, hakuna aliyempinga.

Akaipeleka kwa fundi mmoja mjini, anaitwa Daudi. Akarudi anatabasamu, mara ya kwanza tangu tuzike.

"Imepona! Kapiga Windows mpya, halafu katupa ofa ya muvi kibao."

Nikauliza, "Ba'mdogo, na vitu vya Salwa?"

"Vitu gani? Mimi nimemwambia aitengeneze tu."

Hakujua, maskini. Hakujua kwamba kwa yule fundi, kupiga Windows ni kufuta kila kitu.

Nikaichomeka nione kwa macho yangu. Skrini ya bluu. Ikajizima. Ikawaka.

Ile ile! Imefutwa yote, na ugonjwa uko palepale.

Nikaibeba mpaka kwa Elieth, aliyesoma darasa moja na Salwa, sasa anatengeneza kompyuta. Hata diski hakuigusa. Aliingia kwenye mipangilio ile inayotokea kabla Windows haijaamka, akabadili mstari mmoja, ule unaoiambia mashine iongee vipi na diski. Akawasha.

Ikafunguka vizuri kabisa.

"Pole, kaka Anuari," akasema. "Humu ndani kuna kibetri kama cha saa, kinatunza hii mipangilio. Kilikuwa kimechoka. Umeme ukikatika kidogo kilihimili, lakini mlipoichomoa msiba mzima kikafa. Sasa ukiichomoa tu, inasahau jinsi ya kuisoma diski."

"Kwa hiyo diski..."

"Ilikuwa nzima. Kila kitu kilikuwepo."

Nikakaa chini.

"Na huyo Daudi?"

Elieth hakuniangalia. "Lazima na yeye aliubadili mstari huu, la sivyo asingeiona diski. Angejaribu kuiwasha kwanza kabla ya kufuta, ingefunguka."

Jamani! Dawa aliishika mkononi, halafu akamzika mgonjwa.

Elieth akaweka kibetri kipya, kisha akajaribu kufukua vilivyofutwa. Zile muvi za ofa zilikuwa zimekalia kila mahali. Alipata kaswida moja tu, imeharibika, haifunguki.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama ameketi mbele ya meza, amevaa baibui lake zuri kama anakwenda kwenye maulidi. Nikaichomeka kompyuta, kisha nikamweleza ukweli wote. Ba'mdogo alilia mpaka akatoka nje.

Mama hakumlaumu mtu. Aliitazama ile skrini, ikiwaka safi, haina kitu cha Salwa hata kimoja.

"Kama mwanangu hayumo," akasema, "ichomoeni. Hapa bado kuna msiba."

Nikaichomoa.

Wewe unayesoma hapa, usimwambie fundi "tengeneza" ukaondoka zako. Mwambie kilichomo ndani, na mkataze kufuta kabla hajakuuliza. Na nyie mafundi, jaribuni kuwasha kwanza. Mama yangu mpaka leo anakula kwa kulazimishwa.